Kupasha kauri joto kwa maikrowevu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu modeli za kihisabati

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa hisabati tumizi, fizikia na uhandisi wanaoanza kuunda modeli za kauri inayopashwa joto kwa maikrowevu, na wa mafundi wa maabara wanaotaka kuelewa kwa nini kipande chao kimepasuka. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Kauri kavu haina maji. Maikrowevu inaipashaje joto?

Maji si sharti. Uga wa umeme wa maikrowevu hugeuka mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila chaji iliyomo ndani ya kauri hujaribu kuufuata. Katika alumina (oksidi ya alumini) au zirkonia (oksidi ya zirkoni), zinazosogea ni ioni zilizo kwenye kasoro za fuwele, elektroni chache, na uchafu uliobaki mipakani mwa chembe. Chaji hizo zikichelewa nyuma ya uga, sehemu ya nishati ya wimbi hubaki ndani ya kauri ikiwa joto.

Kauri nyingi zikiwa baridi huliacha wimbi lipite karibu bila kulinyonya. Zikipata moto, ioni husogea kwa urahisi zaidi na unyonyaji hupanda haraka. Karibu kila ugumu unaoelezwa hapa chini unaanzia hapo.

2. Kwa nini nihangaike na hesabu? Si nijaribu tu tanurini?

Katika tanuri la kawaida unaweka nyuzi 1,500 za Selsiasi, na kipande hatimaye hufika karibu na hapo. Katika maikrowevu huweki halijoto, unaweka nguvu ya umeme. Halijoto inaamuliwa na kipande chenyewe: umbo lake, mahali kilipo ndani ya kaviti (chumba cha metali kinachofungia wimbi), na uwezo wake wa kunyonya ambao unabadilika kila dakika. Ukiongeza nguvu kwa asilimia 5, halijoto inaweza kupanda kidogo au kuruka kwa mamia ya nyuzi. Kwa kujaribu tu utapasua vipande vingi bila kujua sababu. Modeli hukuonyesha mpaka kati ya hali hizo mbili uko wapi, na hata modeli ya mstari mmoja inaweza kufanya kazi hiyo (swali la 8).

3. Modeli kamili ina milinganyo gani?

Ina sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni milinganyo ya Maxwell, inayokupa uga wa umeme E kila mahali ndani ya kaviti na ndani ya kauri. Ya pili ni mlinganyo wa joto:

ρ c ∂T/∂t = ∇·(k ∇T) + Q

ρ ni msongamano, c ni uwezo wa joto kwa kilo, k ni upitishaji joto, na Q ni joto linalozalishwa katika kila mita ya ujazo. Daraja kati ya sehemu hizo mbili ni hili:

Q = ω ε₀ ε″(T) E²

Hapa ω ni 2π mara frikwensi, ε₀ ni namba ya kudumu ya umeme katika ombwe, na ε″ ni kigezo cha upotevu, yaani kipimo cha jinsi kauri inavyonyonya wimbi. E ni mzizi wa wastani wa mraba (RMS). Ukitumia kilele cha wimbi, gawanya kwa 2. Kosa hilo la mara mbili ni la kawaida sana, kwa hiyo likague kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kwenye uso wa kauri unahitaji sharti la mpaka: joto linalotoka kwa hewa, h(T − Tₐ), pamoja na mionzi, eσ(T⁴ − Tₐ⁴), ambapo h ni kipimo cha jinsi hewa inavyochukua joto, Tₐ ni halijoto ya mazingira, σ ni namba ya Stefan-Boltzmann, na e ni uwezo wa uso kutoa mionzi (kwenye T⁴ tumia kelvini). Usiiache mionzi nje. Uso mweusi wenye nyuzi 1,000 hutoa takriban kilowati 149 kwa kila mita ya mraba, na ukifika nyuzi 1,500 hutoa kama kilowati 560.

4. Nipe mfano wa namba. Joto hupanda kwa kasi gani?

Kwa gigahezi 2.45, ω ε₀ ni takriban 0.136 katika vipimo vya SI. Chukua alumina yenye ε″ ya 0.01 na uga wa kilovolti 30 kwa mita ndani yake. Q inakuwa wati milioni 1.2 kwa mita ya ujazo, yaani wati 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa msongamano wa kilo 3,900 kwa mita ya ujazo na uwezo wa joto wa karibu jouli 780 kwa kilo kwa nyuzi, kipande kitapanda takriban nyuzi 0.4 kwa sekunde mwanzoni. ε″ ikifika 0.1 huku uga ukibaki vilevile, kasi inakuwa nyuzi 4 kwa sekunde.

Hilo neno "ndani yake" lina uzito. Uga ndani ya kauri haulingani na uga wa kaviti tupu. Bamba lililolala sambamba na uga huuona karibu wote, ila likisimama kuukata, uga wa ndani hupungua kwa kadiri ya ε′ (kipimo cha jinsi kauri inavyopunguza uga ndani yake), ambayo kwa alumina ni kati ya 9 na 10.

5. Data zipi lazima niwe nazo kabla ya kuanza?

Kwanza kabisa, ε′ na ε″ *katika halijoto zote utakazopitia*. Nasisitiza hili kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Modeli yenye ε″ moja isiyobadilika itakuchorea picha nzuri yenye rangi, na picha hiyo itakuwa ya uongo, kwa sababu tabia yote muhimu ya mfumo huu inatokana na kupanda kwa ε″. Thamani iliyopimwa kwenye halijoto ya chumba haitoshi. Wala usichukue thamani ya kauri ya kiwanda kingine kwa kuwa tu jina ni lilelile: uchafu wa chini ya asilimia moja unaweza kubadilisha ε″ ya alumina mara kadhaa.

Njia ya kawaida ya kupima ni kuingiza kijiti kidogo cha kauri ndani ya kaviti yenye mwangwi (inayoitikia kwa nguvu frikwensi moja maalumu) na kuangalia frikwensi inavyohama na mwangwi unavyofifia, huku kijiti kikiwa kimepashwa moto kwenye tanuri la pembeni.

Kisha k na c, ambazo nazo hubadilika. Upitishaji joto wa alumina nzito ni kama wati 30 kwa mita kwa nyuzi katika halijoto ya chumba, lakini kwenye nyuzi 1,000 unashuka hadi kati ya 6 na 7.

## Uga na wimbi

6. Naweza kutumia kanuni ya Lambert, ya nishati kupungua kwa kina, badala ya kusuluhisha Maxwell?

Kwa kauri, mara nyingi hapana. Kanuni hiyo inachukulia kwamba wimbi linaingia upande mmoja, linafifia, na halirudi. Kina cha upenyo kwa kauri yenye upotevu mdogo ni λ₀√ε′ / (2π ε″), ambapo λ₀ ni urefu wa wimbi katika hewa, sentimita 12.2 kwa gigahezi 2.45. Kwa ε′ ya 9 na ε″ ya 0.009 unapata karibu mita 6.5. Kipande chako kina sentimita 2. Wimbi linapita, linagonga uso wa nyuma, linarudi na kuingiliana na lenyewe, hivyo joto linatokea kwa mistari ya kilele na bonde.

Kwa mabamba, mtafiti Ayappa na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba Lambert inaanza kukubaliana na Maxwell pale unene unapozidi takriban mara 2.7 ya kina cha upenyo. Silikoni kabaidi nene inaweza kufikia kiwango hicho. Alumina baridi haifikii.

7. Wimbi linageuka kila sehemu ya nanosekunde, joto linachukua dakika. Kompyuta itamaliza lini?

Haitamaliza, ukijaribu kufuata vyote viwili kwa hatua ileile ndogo ya muda. Mzunguko mmoja wa gigahezi 2.45 ni nanosekunde 0.41. Joto kusambaa sentimita moja ndani ya alumina baridi huchukua sekunde kama 10. Tofauti ni zaidi ya mara bilioni 10.

Tofauti hiyo inakusaidia. Kwa kuwa halijoto haibadiliki kabisa ndani ya mzunguko mmoja, unasuluhisha Maxwell kwa frikwensi moja iliyotulia, unachukua wastani wa Q, unaendesha mlinganyo wa joto kwa sekunde kadhaa, kisha unarudi kusuluhisha uga upya kwa ε iliyobadilika. Marudio ya uga yawe ya karibu zaidi pale ε″ inapopanda kwa kasi. Kigezo kizuri ni kurudi kila ε″ inapobadilika kwa asilimia chache popote ndani ya kipande. Kuhesabu dakika hakusaidii hapo.

## Joto kukimbia

8. Joto kukimbia ni nini hasa, na naweza kulihesabu kwa kalamu?

Ni hali ambapo kauri ikipata moto inanyonya zaidi, ikinyonya zaidi inapata moto zaidi, na joto linalotoka haliwezi tena kufidia. Unaweza kulihesabu kwa kalamu, na namshauri kila mwanafunzi afanye hivyo kabla hajafungua programu yoyote.

Chukua kipande kidogo chenye halijoto moja kote. Acha x iwe idadi ya nyuzi juu ya halijoto ya chumba. Tuseme unyonyaji unakua kama A·e^(x/b), ambapo A hupanda pamoja na nguvu unayoweka, b ni nyuzi zinazohitajika ili ε″ ikue mara 2.72, na joto linatoka kwa kiasi H·x. Hali tulivu ni pale viwili hivyo vinapolingana. Chora mkunjo wa unyonyaji na mstari wa upotevu kwenye karatasi moja. Nguvu ikiwa ndogo, vinakatana mara mbili: chini, ambapo pametulia, na juu zaidi, ambapo hapajatulia. Ongeza nguvu na sehemu hizo mbili zinakaribiana, zinagusana kwenye x = b, kisha zinatoweka. Kiwango cha kutoweka ni A = Hb/e, ambapo e safari hii ni 2.718.

Sasa weka namba. Tuchukulie b ni nyuzi 200. Kwa nusu ya nguvu hiyo ya mwisho, kipande kinatulia nyuzi 46 juu ya chumba. Kwa asilimia 90, nyuzi 122. Kwa asilimia 100, nyuzi 200. Kwa asilimia 101, hakuna pa kutulia. Fundi aliyekuwa akipandisha nguvu taratibu na kuona halijoto ikimfuata kwa utiifu haoni dalili yoyote mpaka hatua za mwisho kabisa.

Bamba la unene wa sentimita 1, linalopoteza wati 20 kwa mita ya mraba kwa nyuzi pande zote mbili, lenye ε″ ya kuanzia 0.005, linafika ukingoni likiwa na uga wa ndani wa takriban kilovolti 21 kwa mita.

9. Kwa nini basi kauri haiyeyuki kila mara?

Kwa sababu mstari wa upotevu haubaki mstari. Juu ya nyuzi mia kadhaa mionzi inatawala, nayo inakua kwa T⁴. Halafu ε″ ikiwa kubwa sana, wimbi linashindwa kupenya na uga wa ndani unashuka. Zaidi ya hayo, kauri moto huiondoa kaviti kwenye mwangwi wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inarudishwa kwenye chanzo.

Matokeo ni mkunjo wenye umbo la S: tawi la chini lililotulia, tawi la kati lisilotulia, na tawi la juu lililotulia. Mwanahisabati Gregory Kriegsmann aliuonyesha kwa uchambuzi safi mwaka 1992 katika modeli ya bamba la mwelekeo mmoja, akitumia ukweli kwamba joto husambaa ndani ya kauri kwa kasi kuliko linavyotoka usoni. Mwaka 1997 alirudi na kuonyesha mchango wa kaviti yenyewe. Ukitaka kuelewa uwanja huu kutoka kwenye mizizi, anzia kwenye kazi hizo mbili.

Mkunjo wa S una kumbukumbu. Ukisharukia tawi la juu, kupunguza nguvu hadi pale ulipokuwa hakukurudishi chini. Lazima ushuke zaidi, hadi ukingo wa pili. Tawi la juu pia linaweza kuwa juu ya kiwango cha kuyeyuka cha kauri yako, na hapo utulivu wake haukusaidii kitu.

10. Tawi la kati ni la moto wa kutosha kuchomea kauri. Naweza kukaa hapo?

Kwa nguvu isiyobadilika, hapana. Kwa kidhibiti kinachosoma halijoto na kurekebisha nguvu kila mara, ndiyo, mradi kidhibiti kiwe na kasi kuliko mkimbio wenyewe. Ndani ya modeli ongeza mlinganyo wa kidhibiti pamoja na ucheleweshaji wa kipimajoto. Watu huusahau ucheleweshaji, kisha wanashangaa kidhibiti kilichofanya kazi vizuri kwenye skrini kinayumba maabara.

11. Njia gani nyingine hupunguza hatari hiyo?

Iliyozoeleka ni kuzungushia kipande vijiti au kikombe cha silikoni kabaidi, ambayo hunyonya maikrowevu vizuri hata ikiwa baridi. Hiyo hupata moto kwanza na kukipasha kipande kwa mionzi hadi pale kinapoanza kunyonya chenyewe. Katika modeli, Tₐ ya swali la 3 haiwi tena ya chumba, inakuwa halijoto ya silikoni kabaidi, yenye mlinganyo wake. Kwa zirkonia, ambayo unyonyaji wake hupanda kwa ukali baada ya nyuzi mia kadhaa, sijui kwa nini mtu angependa kufanya bila hiyo.

## Kwenye kompyuta

12. Vipande vya hesabu (visanduku ambavyo kompyuta inagawia kauri na kaviti) viwe vidogo kiasi gani?

Angalau 10 kwa kila urefu wa wimbi *ndani ya kauri*. Kwa ε′ ya 9 wimbi linafupika hadi sentimita 4.1, hivyo milimita 4 ndiyo ukubwa wa juu kabisa. Pale joto linapokimbia, doa moto linaweza kuwa dogo kuliko hapo, na utahitaji kugawa zaidi. Rudia hesabu kwa vipande vya nusu ya ukubwa. Halijoto ya juu ikibadilika sana, bado hujamaliza.

Ukitumia njia ya Yee ya mwaka 1966, inayoendesha uga kwa muda, hatua ya muda inafungwa na ukubwa wa kisanduku: kwa milimita 2, isizidi pikosekunde 3.8.

13. Programu gani inafaa?

COMSOL ni rahisi kuanzia, lakini leseni yake ni ghali. Kati ya zisizolipiwa, Elmer ya Finland inasuluhisha wimbi na joto pamoja, FEniCS inafaa anayetaka kuandika milinganyo yake mwenyewe, na openEMS au Meep zinafaa kwa uga peke yake.

14. Modeli inaonyesha katikati ni moto kuliko uso. Nimekosea?

La. Joto linazaliwa ndani na kutoka usoni, kinyume cha tanuri la kawaida. Kwa bamba lenye Q sawa kote, tofauti kati ya katikati na uso ni QL²/(2k), L ikiwa nusu ya unene. Kwa wati 5 kwa sentimita ya ujazo, L ya sentimita 1 na k ya 6.5, tofauti ni nyuzi kama 38.

Sababu ya kuijali ni nyufa. Alumina ikizuiwa kutanuka kwa tofauti ya nyuzi 100, mkazo unafika karibu megapaskali 380, kiwango kinacholingana na nguvu ya kuvunjika ya alumina nyingi. Tofauti ikitoka kwenye doa moto la pembeni, ni rahisi kufika huko.

15. Nitajuaje kwamba modeli haidanganyi?

Hesabu nishati. Nguvu iliyoingia, toa iliyorudi, lazima ilingane na iliyonyonywa na kauri, kihami joto na kuta. Kisha jaribu bamba ambalo jibu lake linajulikana kwa kalamu. Baada ya hapo ndipo ulinganishe na maabara. Usibadilishe ε″ mpaka mikunjo ikubaliane, maana kwa vigezo vya kutosha mkunjo wowote utakubali.

## Hali za pembeni

16. Udongo mbichi wenye maji unahesabiwaje?

Hapo maji ndiyo mnyonyaji mkuu, na mwelekeo unageuka: kadiri unavyokauka, ε″ inashuka, kwa hiyo sehemu zenye unyevu ndizo zinazopata joto zaidi. Ongeza mlinganyo wa unyevu na uondoe takriban megajouli 2.26 kwa kila kilo inayogeuka mvuke. Hatari kuu ni shinikizo la mvuke ndani ya udongo mzito, na modeli isiyo na shinikizo haitakuonya. Ukishakauka, unarudi kwenye swali la 8.

17. Kipande kinasinyaa kinapochomwa. Nifanyeje?

Unga uliokandamizwa una hewa nyingi, na hewa ikitoka, ε′, ε″ na k zote hupanda. Ongeza mlinganyo wa msongamano unaotegemea halijoto na muda, kisha tumia kanuni ya mchanganyiko, kama ya Maxwell Garnett au Bruggeman, kupata ε ya kauri yenye vitundu. Ya Bruggeman inafaa zaidi pale hewa na kauri zinapokaribiana kwa kiasi.

18. Je, kuna "athari ya maikrowevu" isiyo ya joto?

Janney na Kimrey wa Oak Ridge, Marekani, waliripoti kwamba alumina iliyochomwa kwa gigahezi 28 ilihitaji nishati ya uamsho (kizuizi cha nishati ambacho atomi lazima zikivuke ili kauri ishikane) ya takriban kilojouli 160 kwa moli, dhidi ya 575 kwenye tanuri la kawaida. Mjadala umeendelea tangu hapo, na sehemu yake kubwa inahusu halijoto: kosa la nyuzi chache katika kipimo, au katikati iliyo moto kuliko uso unaopimwa (swali la 14), hubadilisha namba hizo. Ushauri wangu ni kuanza na modeli ya joto tupu. Tofauti ikibaki baada ya halijoto ya ndani kuhesabiwa vizuri, hapo una jambo la kuchunguza.

19. Halijoto ipimwe kwa kifaa gani?

Kwa pirometa (kifaa kinachosoma mionzi ya uso kwa mbali) au kipimajoto cha nyuzi za kioo. Waya wa metali wa kipimajoto huvuruga uga na unaweza kujipasha moto wenyewe. Kumbuka pirometa huona uso tu, na husoma vibaya ukikosea uwezo wa uso kutoa mionzi.

20. Naweza kufanya majaribio kwa oveni ya jikoni?

Kwa kujifunza, ndiyo, ukiwa na kisanduku cha nyuzi za alumina na silikoni kabaidi ndani. Oveni nyingi za zamani haziipunguzi nguvu: zinaiwasha na kuizima kwa vipindi vya sekunde kadhaa, kwa hiyo iandike hivyo kwenye modeli. Nguvu halisi ipime kwa lita moja ya maji. Yakipanda nyuzi 10 kwa dakika moja, yamepokea karibu wati 700. Usiiwashe ikiwa tupu, usitoboe ganda lake, na usifungue nyuma hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita ya ndani hushikilia volti za kuua.